Sindano Isiyosuguliwa

Mliokuwa nami Jumamosi iliyopita mliniacha nikiingia saluni ya wanawake kwa mlango wa nyuma, kofia imeshuka machoni, naomba asipite mtu wa kanisani. Kwa aliyefungiwa maandazi kwa ukurasa ule wa gazeti kabla hajausoma, nitaeleza kwa ufupi.

Naitwa Anselm. Mbena wa Njombe kwa kuzaliwa, mtu wa kila mahali kwa miguu. Nimekata mkonge, nimechuma chai, nimesoma darasa moja hapa na jingine kule, mwisho nikatua Magamba, Lushoto, kwenye kiwanda cha mbao. Tulikuwa tunapasua magogo ya mti wa mkulo. Vumbi la mkulo linawasha pua kuliko ugoro, na mtu hapigi chafya akiwa ameshika gogo mbele ya msumeno. Basi nikawa nakunja pua kuizuia.

Siku nilipoacha kuikunja, pua yenyewe haikuacha. Mikunjo ilibaki pande zote mbili kama imechorwa kwa patasi.

Na mtu aliyekunja pua hana rafiki. Ukimsalimia mwenzio anadhani unamnusa. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, mwenye mali mpya alipita mbele ya mstari wetu kuchagua wa kubaki. Akasimama kwangu.

"Huyu mbona ananidharau?"

Wenzangu wakabaki, mimi nikatoka.

Hilo nilimeza. Lililonikwama kooni ni Marietha, binti yangu wa pekee, ambaye mama yake nilimzika hukuhuku mlimani. Marietha ni mshonaji, mikono yake haina mfano, lakini umri unakwenda. Wachumba wawili walileta wazee wao, wazee wakaiona pua, hawakurudi.

Wa tatu ni Nikodemo, fundi redio wa Mgwashi. Baba yake, Mzee Kornelio, alikuja na kuku wa zawadi. Nilimpokea kuku kwa mikono miwili, ila pua ilimpokea vingine. Mzee Kornelio akatazama kuku, akanitazama mimi.

"Tutarudi mara moja," alisema. "Mara moja tu."

Ndiyo sababu nilikuwa saluni.

*

Tangu milango ya nchi ifunguliwe, Lushoto hakuna kisichoingia. Mitumba imeingia, redio za kaseti zimeingia, mafuta ya kujichubua yameingia, na Loyce naye akaingia. Alikuwa amefanya kazi Nairobi kwa daktari wa ngozi, tena daktari wa matajiri. Nilikuwa nimemtengenezea rafu na benchi za saluni yake, akaniambia ana dawa ya pua yangu.

"Shikamoo, baba. Kaa hapa, kichwa nyuma."

"Marahaba. Funga mlango kwanza."

Akafunga. Akachukua wanja wa nyusi, akasogeza taa.

"Kunja pua."

"Imekunjika."

"Kunja zaidi, niuone msuli."

Nikakunja. Akanichora kila upande wa pua, akanipa kioo.

"Tazama, baba. Huu hapa umelala juu ya daraja la pua kama mkanda, unatoka upande huu unapita kwenda upande ule. Ukiuvuta, ngozi inajikunja. Huu ndio adui yako."

"Na huu wa pembeni, mbona hukuuchora?"

"Huo ni mwembamba. Unashuka toka kona ya jicho, unafika hapa unagawanyika. Tawi moja linashika tundu la pua. La pili linashika mdomo wa juu, ndilo linaloinua mdomo ukicheka. Huo siugusi hata kwa bahati mbaya."

Nilielewa haraka. Kiwandani tulikuwa na winchi yenye waya mbili zilizopita jirani. Ukikosea ukalegeza usiyotakiwa kuilegeza, gogo linateremka bondeni na watu wake.

Alitoa chupa ya chai kwenye kabati. Ndani hamkuwa na chai, mlikuwa na barafu, na katikati ya barafu kichupa kidogo.

"Hiyo ni nini hasa?"

"Sumu."

"Loyce."

"Nyama ya kopo ikiharibika hutengeneza sumu hii. Mtu akiila, misuli inalala, mpaka wa kuvutia pumzi. Hii imepimwa kidogo sana. Inalaza msuli mmoja tu, haiui. Miezi mitatu, minne, unaamka."

"Hapa mjini umeshamchoma nani?"

"Wewe ndiye wa kwanza. Wanawake wa hapa wanataka weupe, makunyanzi hayawasumbui."

Akachoma kushoto, akachoma kulia. Ilikuwa kama kuumwa na siafu, si zaidi. Kisha akanishika mabega kama mwalimu anayemshika mtoto mtoro.

"Nisikilize vizuri. Usisugue hapo. Usikande. Usilale kifudifudi. Ukiisukuma dawa itahama iende kwenye msuli wa jirani. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na usinitaje kwa mtu. Kibali changu ni cha nywele."

Nikaahidi yote mawili. Nikatoka kwa mlango uleule wa nyuma.

*

Marietha alikuwa kwenye cherehani. Aliinua kichwa mara moja tu.

"Shikamoo, baba. Mbona una damu hapo?"

"Marahaba. Jino."

"Jino liko puani?"

"Sindano ya jino la juu huchomwa karibu na pua. Kamuulize daktari."

Mwongo hujikwaa kwenye neno lake la kwanza, lakini mimi sikujikwaa. Marietha aliamini. Hapo ndipo nilipoangamia.

"Umeisugua?"

"Sijaisugua."

"Baba. Sindano isiposuguliwa inaganda, inakuwa jipu. Hata mtoto mchanga mama yake anajua."

Na alisema kweli. Nani katika nchi hii amechomwa sindano asiambiwe asugue? Zahanati zote nilizopita, za mkonge na za chai, manesi wana wimbo mmoja: sugua, ukifika nyumbani ukande kwa maji ya moto.

"Niache, itapoa yenyewe."

"Sikuachi. Wageni wanakuja, nawe uwe na jipu usoni?"

Akabandika maji jikoni, akatia chumvi, akachovya kitambaa, akakikamua. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa sentensi moja: mwanangu, hii si sindano ya jino. Lakini sentensi hiyo ingeivuta ya pili, kwamba baba yako amelala kwenye kiti cha saluni kuchorwa wanja wa nyusi.

Nikanyamaza.

Kitambaa kikatua puani, cha moto, kizuri. Akakanda kwa vidole viwili, toka kona ya jicho akishuka mpaka mdomoni, pole pole, kama anavyolainisha mshono mgumu. Tangu mama yake azikwe, hakuna mkono ulionigusa uso.

Sikumzuia. Nawaambieni kama ilivyokuwa: nilimwambia arudie upande wa kushoto.

*

Siku zilizofuata niliishi kama mfalme.

Mikunjo ililegea mmoja mmoja. Wiki haijaisha, pua yangu ilikuwa laini kama ya mtoto wa kipaimara. Sokoni mama wa karoti akanizidishia fungu. Padre alinipa mkono bila kuangalia pembeni.

Jirani yangu Hashimu, mkulima wa bustani, alisimama na debe la mbolea kichwani, akanisalimia kwa Kisambaa kama mwanamume mwenzake.

"Onga mshi, mgoshi. Umefanya nini? Unafanana na mtu aliyelipwa mafao."

"Hewa nzuri."

"Hewa ni hii ninayoivuta mimi, na mbona naendelea kuzeeka?"

Nilitaka kucheka. Hashimu ni rafiki yangu wa zamani, ndiye aliyekuwa awe msemaji wangu siku ya posa, maana mimi sina ndugu huku. Nikafungua mdomo nicheke, nikahisi kitu hakikuinuka.

"Unaumwa?" Hashimu aliuliza.

"Kwa nini?"

"Umetoa sauti ya kucheka."

"Basi nimecheka."

"Hapana, mgoshi. Umetoa sauti tu."

Nikaenda nyumbani, nikachukua kipande cha kioo cha kunyolea. Nikajichekea. Kidevu kilicheka. Macho yalijaribu. Mdomo wa juu ulining'inia umefunika meno, kama pazia la nyumba yenye msiba. Jioni ile nilikunywa chai, nusu ikaenda kooni, nusu ikaenda kwenye shati.

Kulipokucha niligonga mlango wa nyuma wa saluni.

Loyce alinitazama hata kabla ya kunisalimia.

"Cheka."

Nikacheka.

Akakaa kwenye benchi nililomtengenezea.

"Nani amekukanda?"

"Binti yangu."

"Nilikwambia, baba."

"Uliniambia. Sasa niamshe."

"Hakuna dawa ya kuamsha. Utasubiri."

"Wanakuja Jumapili."

"Waahirishe."

"Walisema mara moja tu."

"Basi kaa kimya, uwe mzee mwenye heshima. Wazee wengi hawacheki."

Hapo ikabidi nimweleze, maana yeye ni mtu wa Nairobi na mambo ya koo za Mgwashi hayajui. Ukoo wa Mzee Kornelio hauendi kuposa bila mtani. Kazi ya mtani ni moja: kumtukana baba wa binti mbele za watu mpaka acheke. Akicheka, undugu umeingia, mengine ni maneno ya kumalizia. Asipocheka, wanaaga. Hawagombi wala hawadai kuku wao. Wanaaga tu.

Loyce alisikiliza mpaka mwisho.

"Msuli ukiamka," nikamuuliza, "na pua itaamka?"

"Vyote vitaamka pamoja."

"Kwa hiyo nikiwa na mdomo, nina pua. Nikikosa pua, sina mdomo."

"Waambie ukweli, baba."

"Niwaambie mzee mzima nimeingia saluni?"

Alinisindikiza kwa mlango wa nyuma, na safari hii yeye ndiye aliyechungulia kwanza kama kuna mtu.

*

Jumapili walifika baada ya misa. Mzee Kornelio, Nikodemo, na mwanamke mfupi aliyejifunga kanga mbili akitembelea fimbo asiyoihitaji. Huyo alikuwa Yunis, shangazi wa Nikodemo. Nilipoiona ile fimbo nilijua mtani ndiye yeye.

Nikodemo alinishika miguu kwa shikamoo. Marietha alipita na maji ya kunawa, macho chini, gauni alilolishona mwenyewe. Hashimu akatoa maneno ya kukaribisha, mazuri kuliko niliyostahili.

Mzee Kornelio alinitazama puani kwa muda mrefu.

"Mzee mwenzangu umebadilika."

"Namshukuru Mungu."

"Leo hutunusi."

"Sikuwahi kuwanusa, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali nusu. Chakula kikaliwa. Nilikula kidogo nikijifuta mdomo kila tonge. Kisha Yunis akagonga fimbo sakafuni.

"Jamani, mimi nimetumwa kununua ng'ombe, nimeonyeshwa zizi, sijaonyeshwa mwenye zizi. Ni huyu?"

"Ni mimi," nikasema.

"Huyu? Nimesikia alitoka Njombe kwa miguu kutafuta mke. Kila mji aliopita wanawake walikimbia. Akatembea mpaka akafika huku kwetu, ambako nyuma ni jabali na mbele ni korongo. Maskini mama yake Marietha akakosa pa kukimbilia."

Hashimu akaangua kicheko. Mzee Kornelio akacheka. Marietha alicheka mlangoni, kiganja mdomoni.

Mimi nilicheka, ndugu msomaji. Moyo wangu ulicheka, maana ni kweli ndivyo tulivyooana na marehemu alikuwa akisema hivyohivyo. Sauti ilitoka. Uso ukabaki vilevile.

Kicheko cha wengine kikapungua. Yunis akasogea.

"Hajashiba huyu. Nimwongeze. Niliambiwa pua hii ilikuwa imekunjwa kama chapati. Leo nani ameifungua? Au umempata mjane wa kukupigia pasi?"

Hashimu alicheka tena, ila alikuwa akinitazama mimi. Nilivuta mashavu kwa nguvu zangu zote. Nilihisi mate yakiteremka kona ya mdomo.

Hakuna aliyecheka tena.

Yunis aliweka fimbo chini. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya utani.

"Kaka Kornelio, sogea hapa. Mtazame vizuri. Mzee wa umri huu uso unakuwaje laini? Mdomo umekufa. Mjomba wetu alianza hivihivi."

"Yunis."

"Alianza hivihivi, uso laini, watu wakamsifu. Kisha nyusi zikaenda. Mwisho wakampeleka kambini, akafia huko. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula, najua ninachokisema."

Hakutaja neno lenyewe. Hakukuwa na haja. Huku, kabla ya kuoa, watu huulizia magonjwa ya ukoo, na ukoma ndio wa kwanza kuulizwa.

"Mimi si mgonjwa," nikasema, na kila herufi m ikanikwama mdomoni.

"Kama si mgonjwa, tutajua sasa hivi," alisema Yunis. "Nileteeni unyoya wa kuku. Ngozi ya ugonjwa ule haihisi."

Marietha alisimama kama kigingi.

"Lete, mwanangu," nikamwambia.

Akaleta. Nilidhani hapo ndipo wokovu wangu ulipo. Loyce alisema dawa inalaza msuli, hakusema inalaza ngozi. Nikafumba macho mbele ya watu wote.

"Nikikugusa, onyesha kwa kidole ulipoguswa."

Unyoya ukapita kwenye paji. Nikaonyesha. Shavu la kulia. Nikaonyesha. Ncha ya pua, chini ya jicho, juu ya mdomo uliolala. Nikaonyesha pote. Mara moja aliusogeza bila kunigusa, nami sikuinua kidole.

"Fumbua."

Nikafumbua. Yunis alikuwa amekaa, unyoya mapajani.

"Anahisi," akasema. "Pote anahisi. Ni mzima."

"Alhamdulillahi," akasema Hashimu.

"Ngoja wewe. Nimesema ni mzima. Kaka, umesikia? Masikio anayo, nimemtania, amesikia. Uso anao, unahisi mpaka unyoya. Basi mtu mzima namna hiyo, asipocheka, ni kwa nini?"

Mzee Kornelio alishusha pumzi.

"Hataki," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilithibitishiwa afya, na afya ikawa ndiyo ushahidi dhidi yangu.

Wakaanza kukusanya vitu vyao. Nikodemo hakunyanyuka. Na ndipo Marietha, ingawa binti anayeposwa hatakiwi kusema neno, akasema.

"Samahani wazee wangu. Baba hawadharau. Alichomwa sindano ya jino, ndiyo imemlegeza mdomo. Mimi mwenyewe niliikanda."

Watu wakageuka. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Jino gani?" aliuliza Yunis.

"La juu."

"Mzee, fungua mdomo."

Sikufungua. Hashimu akanigusa bega.

"Fungua, mgoshi. Yaishe."

Nikauinua mdomo wa juu kwa kidole, maana wenyewe haukuinuka. Yunis akachungulia kwa zamu, kushoto na kulia, kama anayenunua punda.

"Meno yote yapo. Hakuna lililong'olewa wala lililotoboka. Mzee mzima ana meno kuliko mimi."

Marietha alinitazama.

"Baba?"

Loyce nilimwahidi nisimtaje, na sikumtaja. Mengine yote nikayatoa. Nikasema nilikwenda kuchomwa sindano ya kuondoa makunyanzi ya pua, ili wasidhani nawanusa. Nikasema dawa yake ni ya kulaza msuli, haitakiwi kukandwa. Nikasema ilikandwa, ikahama.



Kisha Yunis akaanza. Alicheka mpaka kanga ya juu ikaanguka. Alimshika Hashimu mkono, Hashimu naye akashindwa, akajiinamia. Mzee Kornelio alitoa miwani akafuta machozi.

"Pua," Yunis alikuwa akisema. "Mbena mzima. Kapigwa pasi ya pua."

Nyumba yangu haikuwahi kusikia kicheko kama kile. Kilikuwa kicheko cha undugu, hichohicho walichokuja kukitafuta. Kilichobaki ni mimi kuingia ndani yake.

Nikajaribu. Mungu anajua nilijaribu.

Kicheko chao kilidumu, kisha kikawa kinakatika kwa mmoja mmoja, kila aliyeniangalia akikatika. Mwisho akabaki Yunis peke yake, naye akanyamaza, akaokota kanga.

"Hata hilo," akasema polepole, "halikumchekesha."

*

Mzee Kornelio hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mzee mwenzangu, labda ni sindano, labda siyo. Mimi sindano sizijui, nawajua watu wangu. Watakuja harusini, watatazama meza kuu. Wataona uso ule, kila mmoja ataondoka na hadithi yake. Wajukuu wangu watazaliwa ndani ya hadithi hizo."

"Subirini miezi mitatu," nikasema. "Uso utarudi."

"Na pua?"

Nikajifuta mate mdomoni.

"Nimekuuliza, na pua itarudi?"

"Itarudi."

Akavaa miwani yake.

"Basi nimeamua hivi. Binti tumempenda, na kijana wangu nisipomwoza huyu hataoa. Harusi iwepo, wewe usiwepo. Atafutwe mzee wa kanisa asimame mahali pa baba, amshike mkono amlete altareni. Na nyumbani kwa vijana, usifike mpaka niseme mimi."

"Kornelio, hapo umezidisha," Hashimu alisema.

"Nimesema mbele ya shahidi. Wakikubali, tunapanga tarehe leo. Wakikataa, tunaaga."

Nikodemo aliinua uso mara moja, akamtazama Marietha, akauinamisha tena. Kijana mzuri, lakini wa baba yake.

Marietha alikuwa bado ameshika beseni la kunawia. Alilitua mezani.

"Ile siku," akaniambia, kana kwamba chumbani tulikuwa wawili, "nilipokukanda. Ulijua haitakiwi?"

"Nilijua."

"Na ukaniacha nikande."

"Nilikuacha."

"Ukaniambia nirudie kushoto."

Nilikuwa na la kumwambia. Nilikuwa na mama yake, na miaka yote ile bila mkono wa mtu, na kitambaa cha moto. Lakini kwa mdomo ule lingetoka kama maneno ya mlevi.

"Ndiyo," nikasema.

Alivuka chumba, akachuchumaa mbele ya kiti changu, akaweka viganja juu ya magoti yangu. Wageni wakamwacha.

"Baba, sikia. Ukisema niende, nitakwenda. Ukisema nibaki, nitabaki, na sitakulaumu. Lakini leo usinidanganye. Umeshanidanganya mara moja. Sema, nami nitakuangalia usoni nijue kama ndilo la moyoni."

Pua zetu zilikuwa karibu kugusana. Ana macho ya mama yake, yanasoma haraka.

"Nenda, mwanangu," nikasema.

Hakunyanyuka. Aliendelea kunitazama, paji, macho, pua, mdomo, akarudia tena tangu juu, akisubiri uso wangu useme.